Si Pepo, ni Baba

Ndugu msomaji, alfajiri moja tulimkosa baba kitandani. Tulimtafuta Temeke nzima, tukaja kumkuta kando ya Barabara ya Kilwa, karibu na Kurasini, akienda kwa haraka, shati kalivaa ndani nje. Nilipomshika mkono alinitazama kwa adabu, akasema: "Shikamoo mzee. Niache tafadhali, nachelewa zamu."

Baba yangu mzazi kuniamkia mimi! Niliishiwa na maneno.

Majirani walikwisha toa hukumu: mzee kaingiwa na pepo. Fedha za mganga zilikuwa zimeanza kuchangwa. Mwanangu mdogo naye alikuwa na hukumu yake. Yeye husoma katuni za Kimarekani, na anampenda Venom, aliyetokea mara ya kwanza mwaka 1988. Humo kiumbe kutoka sayari ya mbali huuvaa mwili wa binadamu na kusema kwa kinywa chake. Mtoto akaniuliza: "Baba, huyo aliyemo ndani ya babu atatoka lini?"

Nilimkaripia. Lakini kwa yakini nami nilikuwa nikiwaza vivyo hivyo. Mzee alipotukana, nilijiambia kuwa si yeye. Na kwa kuwa si yeye, niliweza kumfungia chumbani kwa kufuli bila kuona haya. Tazama, ndugu msomaji, jinsi fikra hiyo inavyorahisisha ukatili.

Hatimaye tulimpeleka hospitali. Daktari hakucheka habari za wageni wa mwilini. Alieleza kuwa vimelea vya malale, viletwavyo na mbung'o, huweza kuingia ubongoni na kumvuruga mtu akili. Tena kaswende, upungufu wa vitamini na kasoro za tezi ya shingo huweza kuleta usahaulifu unaotibika. Ndiyo maana mgonjwa hupimwa kwanza. Kwa baba hapakuwa na lolote kati ya hayo. Ulikuwa ugonjwa ule aliouelezea Mjerumani Alois Alzheimer mwaka 1906, ambao huua seli za ubongo polepole, na tiba ya kuuponya haijapatikana. Wala si wa Wazungu peke yao. Uchunguzi uliofanywa wilayani Hai, Kilimanjaro, uliona kuwa takriban wazee 6 katika kila 100 wenye miaka 70 na zaidi wana maradhi ya namna hii.

Kisha akasema neno lililonichoma: kumbukumbu za karibuni hutangulia kupotea, za zamani hudumu.

Hapo nikaielewa ile alfajiri. Hapakuwa na mgeni yeyote ndani ya baba. Alikuwa yeye mwenyewe, kuli wa bandarini wa mwaka 1974, anawahi zamu ili sisi tule. Mimi wakati huo nilikuwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Angemtambuaje mwanawe katika mtu huyu mwenye mvi?

Tangu siku ile niliacha kubishana naye. Atakapo kwenda kazini, namwambia leo ni mapumziko, kisha namwuliza: "Chakubanga kafanya nini?" Katika miaka ile hakukosa kuitazama katuni hiyo ya Christian Gregory katika gazeti la Uhuru, akawasimulia wenzake. Basi huketi, akaanza kusimulia, na kabla ya kufika mwisho hucheka mwenyewe. Chakubanga hajazeeka hata siku moja, na baba akiwa naye, naye huwa kijana.

Nawasihi wenye wazee wa namna hii: wapimwe mapema. Mtieni mfukoni kadi yenye jina lake na namba ya simu. Gawaneni zamu za kumwangalia. Mzigo huu usiachiwe mama au binti mmoja tu. Na kufuli hilo, liondoeni.

Asubuhi baba bado huniamkia shikamoo. Mwanzoni nilikataa kuitikia, nikiona ni laana. Siku hizi naitikia marahaba, ili asione amedharauliwa na mtu mzima. Kisha nami huinama, nikamwamkia yeye.