Mtawanya na Shina la Mchaichai

Ukitoka Dar es Salaam kwa barabara ya Kilwa, ukapita Mbagala, Vikindu, Mkuranga, Kimanzichana na Bungu, utawasili Kibiti baada ya mwendo wa kilometa zipatazo 140. Wasafiri wengi hukaa hapo dakika chache tu. Hununua korosho au matunda kupitia dirisha la basi, kisha huendelea na safari yao kuelekea Ikwiriri, Daraja la Mkapa lililofunguliwa mwaka 2003, na mikoa ya kusini. Ni wachache wanaouliza njia ya Mtawanya. Basi leo na tuiulize, kwa maana katika kata hiyo, kama ilivyo katika sehemu nyingi za Pwani, mna jambo dogo la uani ambalo jamaa ya mfanyakazi wa mjini yaweza kujifunza na kufaidika nalo.

Mtawanya ni mojawapo ya kata za wilaya ya Kibiti, ambayo zamani ilikuwa sehemu ya wilaya ya Rufiji. Ardhi ya juu katika nchi hii ni ya kichanga. Ndiyo ardhi ya mikorosho, minazi, miembe na mihogo. Bondeni, mto Rufiji huleta tope lake jeusi, na hapo ndipo penye mpunga. Kwa sababu hiyo mkulima wa Rufiji tangu kale alikuwa na makao mawili: nyumba yake, na dungu lake bondeni, yaani kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, ambamo alilinda mpunga usiliwe na ndege na wanyama. Mto huo hutoa na mto huo huchukua. Baada ya mafuriko makubwa ya mwaka 1968, Serikali iliwahamisha watu wengi wa bonde na kuwapeleka maeneo ya juu. Mwezi Aprili 2024 mafuriko yalizikumba tena wilaya za Rufiji na Kibiti, yakaharibu nyumba na mashamba. Katika nchi ya namna hii mtu hujifunza kupambanua kipi chaweza kubebwa na kipi hakibebeki. Mwenye kuhama hawezi kuubeba mwembe wake. Lakini shina la mchaichai huingia ndani ya pakacha pamoja na sufuria na mwiko.

Yafaa hapa tutofautishe viungo vya aina mbili vinavyotumika katika jiko la Pwani: vya dukani na vya uani. Chukua shamari kuwa mfano wa vile vya kwanza. Hizi ni mbegu ndefu za rangi ya kijani iliyofifia, zenye harufu tamu. Ni kubwa kuliko bizari nyembamba, ingawa wanunuzi wengi huzichanganya. Shamari ni ya jamii moja na karoti na giligilani. Asili yake ni nchi zilizoizunguka bahari ya Mediterania, na leo India ndiyo mzalishaji wake mkubwa kabisa duniani. Hustawi vyema zaidi mahali penye ubaridi kiasi. Kwa hiyo kwa mama wa Pwani shamari ni kitu cha kufungiwa katika kipande cha karatasi na kulipiwa fedha. Hakuna lawama katika hilo, ila siku fedha isipokuwapo, na shamari haipo.

Mchaichai haufuati sheria hiyo. Ni nyasi, ndugu wa mbali wa muwa na mahindi, na kwa nadra sana hutoa maua. Usiingie duka la pembejeo kuulizia mbegu za mchaichai wa uani. Kila kichaka unachokiona nyuma ya nyumba kilitokana na shina lililong'olewa katika kichaka kingine, likatiwa mkononi mwa mtu aliyeliomba. Hivyo hakuna mwenye mchaichai ambaye hakupewa na mwenzake, au na aliyempa aliyempa.

Namna ya kuomba nayo ina adabu yake. Mtu hupiga hodi, huamkia, huulizana hali na wenyeji, ndipo huieleza haja yake. "Shikamoo bibi. Naomba shina la mchaichai nikapande." Naye bibi hujibu, "Marahaba mwanangu. Njoo uani, lakini usikate. Ng'oa na mizizi." Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kwa mchaichai usemi huo ni kweli mara mbili: huinamia kichaka, na huinamia ubinadamu wa jirani.

Ukishalipata shina lako, fanya hivi. Punguza majani hata yabakie urefu wa shubiri moja, ili shina lisikauke kabla halijashika. Chimba shimo la kina cha kiganja, tia samadi iliyokwisha kuoza, kisha simamisha shina na ushindilie udongo. Wakati bora ni mwanzo wa masika, mwezi Machi, au mwanzo wa vuli, mwezi Oktoba. Ukipanda mashina mengi, yaache yapeane nafasi ya hatua moja. Ardhi ya kichanga haihifadhi maji, kwa hiyo funika chini kwa majani makavu au maganda ya nazi. Mahali panapopendwa na watu wengi ni pale yanapotokea maji ya bafuni, na kwa hakika ni chaguo la busara: maji ambayo yangetuama na kunuka hugeuka kuwa majani mabichi. Ila usimwage hapo maji yenye dawa ya kung'arisha nguo.

Wewe ukaaye katika nyumba ya kupanga usiseme kwamba huna shamba. Debe kuukuu la mafuta lililotobolewa chini, au ndoo iliyopasuka mpini, latosha kichaka kimoja, mradi lipate jua. Kumwagilia ni kazi ya mtoto kabla hajakwenda shule.

Kuvuna huanza baada ya miezi minne hadi sita. Tumia kisu kikali, wala usivute kwa mkono mtupu, kwa kuwa kingo za majani hukata kama wembe. Acha kisiki chenye urefu wa upana wa kiganja, nacho kitachipua tena. Baada ya miaka miwili au mitatu utaona katikati ya kichaka panakauka. Hiyo si ishara ya kifo, bali ni mmea unaokutaka ugawe. Ng'oa kichaka chote, tenganisha mashina, panda upya machache, na yaliyosalia wape watu. Asiyegawa mchaichai wake huupoteza.

Kwa matumizi, chukua majani matatu au manne, yaoshe, yakunje na kuyafunga fundo, uyatie katika maji yanayochemka. Funika sufuria, maana harufu ndiyo mali yenyewe na hupotea na mvuke. Baada ya dakika tano epua. Waweza kutia majani ya chai au usitie. Waweza kuongeza kipande cha tangawizi. Wengi huona kwamba chai ya namna hii yahitaji sukari kidogo kuliko kawaida. Majani ya ziada kausha kivulini, wala si juani, uyahifadhi katika kopo lenye mfuniko. Huko Thailand wapishi hutumia sehemu nyeupe ya chini ya shina katika supu ya samaki, nawe ukiiponda kidogo na kuitia katika mchuzi wa nazi hutajuta. Harufu hiyo ya limau hutokana na mafuta yaliyomo ndani ya jani, ambayo kiini chake kimo pia katika ganda la limau.

Lakini tusiusifu mmea kupita uwezo wake. Wako wasemao kwamba kichaka cha mchaichai mlangoni hufukuza mbu. Kichaka kilichosimama kimya hakimzuii mbu kuingia chumbani. Kinachomzuia ni chandarua. Wako pia wanaomnywesha mtoto mwenye homa chai ya mchaichai wakisubiri asubuhi, kisha wakasubiri na jioni. Kikombe hicho chaweza kumliwaza, lakini hakitibu malaria. Mtoto mwenye homa apelekwe zahanati akapimwe siku hiyo hiyo. Mmea wa uani ni rafiki wa jiko, na rafiki hapewi kazi ya mganga.

Hilo, ndugu msomaji, ndilo liwezalo kuchukuliwa kutoka Mtawanya bila kulipiwa kodi wala nauli ya mzigo. Mjini twaishi ukuta kwa ukuta na watu tusiowajua majina, na kila tunachokula tumekipima kwa shilingi. Kichaka kimoja cha mchaichai hakiwezi kuondoa ughali wa maisha. Chaweza, hata hivyo, kumpa mpangaji wa chumba cha tatu sababu ya kubisha hodi kwako. Siku atakapobisha, usimkatie majani ya kikombe kimoja. Mng'olee shina lenye mizizi.