Nilimbandika Jirani Yangu Getini

Mpenzi msomaji, umeshawahi kuwa sahihi kabisa, yaani hesabu zote ziko upande wako, halafu bado ukakosea? Basi karibu, vuta kiti. Mwezi huu sina ushauri wa mapenzi wala mapishi. Nina kisa changu mwenyewe, na ndani yake mimi ndiye mbaya.

Ninakaa Kigamboni, upande wa Kibada. Wenyeji wa Dar es Salaam mtakumbuka ule mradi wa serikali wa viwanja 20,000 ulioanza mwaka 2002. Kibada ilikuwa moja ya maeneo yaliyopimwa. Wengi walinunua wakaviacha vichaka, maana kuvuka na pantoni kila siku ilikuwa adhabu. Lilipofunguliwa Daraja la Nyerere mwaka 2016, watu wakakumbuka kumbe wana viwanja. Tofali zikaanza kumwagwa kila kona. Mimi na mume wangu tulihamia mwaka 2018, nyumba haina hata dari sebuleni, lakini ni yetu. Wee! Usiku wa kwanza sikulala kwa furaha. Usiku wa pili sikulala kwa sababu jirani wa nyuma aliibiwa pampu ya maji.

Hapo ndipo tulipojifunza kwamba kupimiwa kiwanja ni jambo moja na kuwa na mtaa ni jambo lingine. Mawe ya mipaka yalikuwepo, barabara ilikuwepo kwenye ramani, lakini chini palikuwa na mchanga, mfereji hakuna, taa hakuna, na taka kila mtu na shimo lake. Ofisi ya serikali ya mtaa ina mwenyekiti na mtendaji, wanafanya kazi yao, lakini ukiwauliza nani atakuletea greda wiki hii, utapewa pole.

Tukakutana Jumapili moja jioni chini ya mwembe, familia kama 20 hivi, tukaanzisha chama cha wakazi. Tukaandika katiba, tukaenda kwa Msajili wa Vyama, tukafungua akaunti benki yenye watia saini watatu. Leo tuko kaya 64. Na mimi, eti kwa kuwa "wewe ni mhariri, unajua kuandika," nikachaguliwa katibu.

Hesabu haidanganyi

Naomba univumilie kidogo kwenye namba, maana kisa chote kimo humo.

Kila nyumba inachangia shilingi 30,000 kwa mwezi. Kaya zote 64 zikilipa, tunapata 1,920,000. Walinzi wako wanne, kila mmoja 250,000, hiyo ni milioni moja. Gari la taka 320,000. Umeme wa taa za njiani, ambao una mita yake ya LUKU, 100,000. Jumla 1,420,000. Kinachobaki, shilingi laki tano, kinawekwa akiba ya kifusi na greda, maana kila masika barabara inaondoka na maji kuelekea tusikokujua.

Hiyo ni kama wote wanalipa. Sasa njoo kwenye ukweli. Mwanzoni mwa 2023 walikuwa wanalipa 41 tu. 41 mara 30,000 ni 1,230,000. Kila mwezi tulipungukiwa 190,000 kabla hata hujanunua lori moja la kifusi. Akiba ikaisha. Mwezi Machi walinzi wakapata nusu mshahara. Aprili hawakupata kitu.

Na sababu za wasiolipa, mbona utacheka! "Mimi nina mbwa, sihitaji mlinzi." "Mimi ni mpangaji, kamuulize mwenye nyumba." Mwenye nyumba naye: "Anayekaa humo ndiye anayelindwa." Wengine wakaja na hoja nzito: tangu 2021 kodi ya majengo tunakatwa kwenye LUKU, sasa mchango wa nini tena? Ukimweleza kwamba ile ni kodi ya serikali na hii ni ya kumlipa mtu anayezunguka na tochi nje ya dirisha lako saa tisa usiku, anakwambia atafikiria. Anafikiria mpaka leo.

Kitu kimoja watu hawakijui: chama kama chetu hakina meno. Mwenye fleti ana habari tofauti. Tanzania tuna sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo, na chini yake wenye fleti wanakuwa na umoja wao unaosimamia ngazi, paa, uwanja na vitu vyote vya pamoja, na mchango wao ni wa kisheria. Shoga yangu anayeishi Texas, Marekani, yeye ananiambia kwao chama cha wenye nyumba kinakuandikia barua nyasi zikirefuka, na deni la michango likikomaa chama kinaweza kwenda mahakamani nyumba ikauzwa. Sisi wenye nyumba za viwanja tumeungana kwa hiari. Barabara ni ya umma, huwezi kumfungia mtu geti asifike kwake. Silaha yetu ni moja tu: aibu.

Nami nikaitumia.

Karatasi

Jumamosi moja ya Aprili, mvua imenyesha usiku kucha, mlinzi wetu wa usiku alinigongea. Ni mtu mzima, huwa namwamkia shikamoo. Alikuwa ameshika kofia mkononi. "Mama, siji kugombana," akasema. "Wajukuu wamerudishwa shule, sare hawana. Nimekopa dukani mpaka nimeanza kupita njia ya nyuma." Nilimpa nilichokuwa nacho kwenye pochi. Alipoondoka nilikaa mezani nikiwa na hasira ambayo hata chai sikuiona.

Nikafungua kompyuta. Nikaandika kwa herufi kubwa: WADAIWA SUGU. Majina 23, namba za nyumba, miezi na kiasi. Nikapanga kuanzia deni kubwa kushuka chini, safi kabisa, kama ukurasa wa gazeti. Nilipofika jina la tatu, vidole vikasita. Nyumba ya mbele yangu. Miezi saba, shilingi 210,000.

Huyu dada, jina lake nalihifadhi, ndiye mtu wa kwanza kunikaribisha Kibada. Aliniletea sufuria ya pilau siku tunahamia, sina hata pa kuliweka. Siku za kufunga gazeti, mimi naondoka ofisini saa nne usiku, mwanangu Junior alikula kwake, akaoga kwake, akalala kwenye kochi lake mpaka baba yake apite kumchukua. Miaka minne. Hajawahi kuniuliza hata sabuni.

Nikajiambia, sheria ni msumeno. Nikimruka yeye, wale 22 watasema chama cha mashoga wa katibu. Mpenzi msomaji, mpaka leo naamini hoja hiyo ilikuwa ya kweli. Nikachapisha. Nikaenda kubandika getini, pale kwenye bomba la kufungia njia, nikaweka na nailoni mvua isiharibu.

Ilifanya kazi? Ndiyo, tena vizuri sana. Ndani ya wiki mbili kaya 12 zililipa. Walinzi wakapata mishahara yao yote ya nyuma. Mwenyekiti akanipigia kunipongeza. Mimi nikajiona mwanamke wa shoka.

Ila dirisha la mbele likaanza kufungwa mapazia mapema. Asubuhi nikitoka, yeye anaingia. Junior, akiwa na miaka saba, akaniuliza, "Mama, kwa nini mama wa mbele ananisalimia mimi, wewe hakusalimii?" Nikamwambia hajaniona. Mtoto akanitazama tu.

Mume wangu naye, ambaye si mtu wa maneno mengi, usiku mmoja tukiwa tunakula akasema, "Wewe kazini kwako, mtu akiandikwa vibaya si huwa mnampigia simu kwanza asikike upande wake?" Nikasema ndiyo. Akaongeza mboga. Hakusema kingine.

Msomaji, mimi nimesomea mawasiliano chuo kikuu. Kusikiliza upande wa pili ni somo la mwaka wa kwanza.

Hatua kumi na tano

Nilikaa na hilo donge siku tisa. Siku ya kumi nikavuka njia, nikapiga hodi. Alinifungulia, akanikaribisha ndani, akanipa na kiti. Heshima hakuipunguza hata chembe, na hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi.

Nilianza na maneno yangu ya kamati, mara hali ya mfuko, mara walinzi. Akanisikiliza mpaka nikaishiwa. Kisha akasema taratibu, "Mama Junior, kutoka mlango wako mpaka wangu ni hatua kumi na tano, nimezihesabu juzi. Hukuzitembea. Ila karatasi umeipeleka mpaka getini."

Sikuwa na jibu.

Ndipo akanieleza. Alikuwa amepunguzwa kazini tangu Septemba. Mumewe yuko mikoani, na pesa alizokuwa anatuma zilikata, na sababu za kukata zilikuwa zao wawili. Alikuwa anaamka saa kumi kukaanga vitumbua vya kupeleka kwenye kibanda cha kituo cha daladala, mbali na mtaa wetu, ili sisi tusijue. Watoto wake ndio walioikuta ile karatasi wakitoka shule. Wakamsomea.

"Deni ni langu, silikatai," akasema. "Mlinzi yule naye ana watoto. Ungegonga tu, ningekwambia nitalipa kumi kumi. Mimi nilidhani wewe ungegonga."

Nilimwomba radhi. Nililia kidogo, na yeye akanipa kitambaa, jambo ambalo lilinifanya nijisikie vibaya maradufu.

Tulichobadilisha

Jumapili iliyofuata niliomba dakika tano mkutanoni. Sikumtaja. Nilisema nimeibandua ile karatasi na haitarudi, na kama wanaona nimekosea, ukatibu huu hapa. Yalizuka mabishano ya saa mbili. Mzee mmoja alisema bila karatasi pesa zisingepatikana, na kweli, hakuwa amekosea. Mwisho tulikubaliana mambo manne, yakaingia kwenye katiba.

Deni la nyumba ni siri ya mweka hazina na mwenye nyumba. Akifika miezi miwili, wajumbe wawili wanakwenda kugonga, tena wanakwenda kuuliza hali kabla ya kuuliza pesa. Mwenye shida analipa kidogo kidogo, au analipa kwa kazi: kuna kijana anazibua mifereji, kuna mama anatunza maua ya getini. Na pale kwenye bomba, badala ya majina ya wadaiwa, kila tarehe 5 tunabandika mapato na matumizi, mpaka bei ya balbu.

Hili la mwisho ndilo lililonishangaza. Wengi wa wale wabishi hawakuwa wabahili, walikuwa hawatuamini. Walipoona pesa imeingia ngapi na imetoka kwenda wapi, wakaanza kutuma. Leo wanalipa kaya 57 kati ya 64. Saba bado wanafikiria. Barabara bado inaliwa kila masika, lakini sasa ina kalavati mbili na gari la wagonjwa linaweza kufika.

Na jirani yangu? Alimaliza deni lake kwa miezi 11. Vitumbua vyake sasa anaviuza hapa hapa getini, mchana kweupe, na walinzi ndio wateja wake wa kwanza. Tunasalimiana. Kwenye msiba wa mama yangu alikuja akashika jiko siku tatu. Ila sufuria ya pilau haijavuka tena njia, na Junior halali tena kwenye lile kochi. Sijamuuliza kwa nini. Najua.

Kabla hujahamia

Wewe unayejenga au unayetaka kununua, chukua haya matano bure:

1. Uliza kama mtaa una chama, kimesajiliwa, na katiba iko wapi. Isome kabla ya kulipia tofali.
2. Omba kuona mapato na matumizi ya miezi mitatu. Wakizunguka zunguka, shtuka.
3. Kama ni fleti, uliza mchango wa mwezi unagharamia nini na nani anasimamia lifti na tangi la maji.
4. Kama ni mpangaji, mkataba useme wazi mchango analipa nani.
5. Ukikwama, sema mapema. Wajumbe si malaika, hatuoni ndani ya nyumba yako.

Na wewe mwenzangu uliyepewa kalamu ya ukatibu popote ulipo, kabla hujaandika jina la mtu, hesabu hatua kutoka mlango wako mpaka wake. Kisha zitembee.

Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda.