Chara: Sauti ya Mto Tana mbele ya waamuzi wa dunia

Ukitoka Mombasa na kuishika barabara ya kaskazini, utaipita Kilifi, kisha Malindi, Gongoni na Marereni kabla nchi haijaanza kubadilika. Minazi inapungua na vichaka vya miiba vinachukua nafasi yake. Hapa na pale utawaona vijana wa Kiorma wakiswaga ng'ombe kando ya lami. Wasafiri wa Lamu huendelea hadi njia panda ya Minjila, karibu na Garsen. Mwenye safari ya Chara huchepuka mapema, akaelekea Tarasaa na kuteremkia mtoni.

Kuanzia hapo maji ndiyo yanayotawala. Mto Tana, ulio mrefu kuliko mito yote ya Kenya, unapokaribia bahari huko Kipini hujigawa, hutanda na kuacha vidimbwi, vinamasi na mashamba yenye rutuba. Mwaka 2012 delta hii iliingizwa katika orodha ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa chini ya mkataba wa Ramsar, ikiwa na eneo la zaidi ya hekta 163,000. Ndani yake mna viboko, mamba, kambare na ndege wasiohesabika. Kuna pia watu: Wapokomo wanaolima mpunga, ndizi na maembe, na Waorma na Wardei wanaofuata malisho.

Chara ni sehemu ya eneo bunge la Garsen, katika Kaunti ya Tana River. Usitarajie hoteli za kitalii. Nyumba zimejengwa penye mwinuko kwa sababu kila mzee anajua maji yanaweza kufika wapi. Wakati wa kiangazi bodaboda hupita bila taabu. Mvua ikishika, mtumbwi ndio gari.

Msomaji huenda akajiuliza, mahali kama hapa pana uhusiano gani na mashindano ya kimataifa ya muziki, yale ya vinanda vikubwa vyeusi na waamuzi waliovaa suti? Uhusiano upo, tena mkubwa kuliko wengi wetu tunavyodhani.

Tuanze na historia. Si mbali na Chara kuna Golbanti, ambako wamishonari wa Kimethodisti kutoka Uingereza waliweka kituo katika karne ya 19. Mwaka 1886 mmishonari John Houghton na mkewe Annetta waliuawa hapo katika uvamizi wa Wamaasai. Mwaka uliofuata, 1887, Wajerumani wa misheni ya Neukirchen waliingia Ngao. Mmoja wao, Ferdinand Würtz, alijifunza Kipokomo na kuandika kuhusu sarufi yake. Pamoja na Biblia na shule, wageni hao walileta nyimbo za kanisa za sauti nne: soprano, alto, tena na besi. Kwa hiyo Wapokomo wa delta walianza kuimba muziki wa mtindo wa Ulaya zamani sana, kabla Nairobi haijawa hata kambi ya reli.

Hata hivyo, walikuwa na nyimbo zao tayari. Walikuwa na ngoma ya mwaribe, nyimbo za kupiga kasia, za shambani, na za kumbembeleza mtoto asilie. Wimbo mmoja wa aina hii ya mwisho ndio uliokwenda mbali kuliko yote.

Kenya ilipokaribia uhuru mwaka 1963, kundi la wanamuziki watano lilipewa kazi ya kutayarisha wimbo wa taifa. Aliyewaongoza ni Graham Hyslop, na wenzake walikuwa George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi. Nchi jirani ya Tanganyika ilikuwa imechukua tuni iliyotungwa mwaka 1897 na Enoch Sontonga wa Afrika Kusini. Uganda nayo ilikuwa na utungo mpya wa George Kakoma. Kenya ikachagua njia nyingine. Ilichukua wimbo wa kubembeleza mtoto wa Wapokomo, na jina linalotajwa kila inapozungumzwa asili yake ni la mzee mmoja wa jamii hiyo, Meza Galana. Wataalamu wakaupangia sauti, wakauwekea maneno ya Kiswahili na ya Kiingereza, na Desemba 12, 1963 taifa zima likasimama wima kwa tuni iliyozoea kulaza watoto kando ya Tana.

Miaka mitano baadaye, Oktoba 1968, Naftali Temu alishinda mbio za mita 10,000 kwenye Michezo ya Olimpiki jijini Mexico na kuipatia Kenya dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki. Alipopanda jukwaani, sauti iliyosikika ilikuwa ile ya Mto Tana. Tangu hapo dunia imeisikia mara nyingi sana. Nyimbo chache za kulaza watoto zimewahi kuhudhuria mashindano mengi ya kimataifa kama huu.

La kusikitisha ni kwamba wimbo umesafiri lakini wenyewe wamebaki. Mtoto wa Chara mwenye sauti nzuri atafikaje mbele ya waamuzi wa dunia?

Ngazi ya kwanza anayo hapa nyumbani. Tamasha la Muziki la Kenya lilianzishwa mwaka 1927. Kwaya ya shule huanzia kwenye zoni, ikapanda hadi kaunti ndogo, kaunti, eneo na hatimaye fainali za kitaifa. Waamuzi hutoa alama kwa usahihi wa tuni, mapigo, matamshi na uhai wa wimbo. Upo wimbo wa lazima ambao kila kwaya ya kundi moja huuimba, na kuna nyimbo za kiasili ambazo shule ya delta haihitaji kufundishwa na mtu wa mbali.

Ngazi ya pili ni ngumu zaidi. Kwa bahati, mwaka huohuo wa 1927 ndio yalipoanza Mashindano ya Chopin ya kinanda jijini Warsaw, Poland, ambayo ni miongoni mwa yale yanayoheshimika kuliko yote. Hufanyika kila baada ya miaka mitano. Kijana anayetaka kuingia hutuma maombi na kanda ya video ya vipande vilivyotajwa. Wanaochaguliwa huenda Warsaw kuchujwa hatua kwa hatua, na wachache wanaofika fainali hupiga pamoja na okestra. Ili kufika huko, mtoto huanza kinanda akiwa mdogo, akawa na mwalimu, na akafanya mazoezi ya saa nyingi kila siku. Chara ni vigumu kupata kinanda, na hewa yenye unyevu wa mto ni adui wa mbao na nyuzi zake.

Je, hilo lina maana kwamba mlango umefungwa? Mwaka 1980 mashindano hayo yalishindwa na Dang Thai Son wa Vietnam, Mwasia wa kwanza kufanya hivyo. Alipokuwa mtoto, mabomu yalikuwa yakianguka Hanoi, na shule ya muziki ikahamishiwa kijijini. Mama yake, aliyekuwa mwalimu wa kinanda, alimfundisha huko. Mtoto wa vita na kijiji alishinda kwa sababu palikuwa na mwalimu aliyekataa kuacha kazi.

Kwa watoto wa Chara, mlango ulio karibu ni kwaya, kwani koo halinunuliwi dukani. Michezo ya Kwaya ya Dunia, iliyoanza mwaka 2000 huko Linz, Austria, ina kundi la wazi linalopokea kwaya zisizo na uzoefu wa kimataifa, na kuna vitengo vya nyimbo za kiasili. Mwaka 2018 ilifanyika Tshwane, Afrika Kusini, mara ya kwanza barani Afrika. Wakenya wanaweza: kwaya ya taifa ya Muungano, chini ya Boniface Mganga wa Taita, ilirekodi Missa Luba ikauzwa ng'ambo. Lakini kwaya hujilipia nauli, pasipoti na ada, na hapo ndipo ndoto nyingi hukwama.

Chara ina mizigo mingine pia. Kati ya Agosti 2012 na Januari 2013, mapigano kati ya wakulima na wafugaji wa delta yaliua zaidi ya watu 100. Mwishoni mwa mwaka 2023 mafuriko yalizihamisha familia nyingi za Tana River. Kwaya hujengwa kwa mazoezi ya kila juma, na mtoto anayelala kambini hana juma la kutegemea. Mazoezi hayohayo, lakini, huwaweka mtoto wa Kipokomo na wa Kiorma kwenye mstari mmoja, wakivuta pumzi pamoja. Wanasiasa wametumia mikutano mingi kutafuta jambo kama hilo.

Kwa hiyo, mzazi au mwanafunzi unayepanga safari likizo ijayo, nenda wakati wa ukavu, uulize njia Tarasaa, na ubebe simu yenye chaji ya kutosha. Ukiruhusiwa, rekodi nyanya mmoja akiimba, kisha uandike jina lake na la kijiji chake. Wimbo wa taifa ulipochukuliwa, walioujua walikuwa wengi na majina yaliyoandikwa yakawa machache.

Asubuhi ya gwaride, watoto wa shule huko Chara husimama wima bendera ikipanda. Wengi wetu tulifundishwa wimbo ule na mwalimu wa darasa la kwanza. Wao huenda walianza kuusikia tuni yake mgongoni mwa nyanya, kabla hawajajua kutembea.