Kimea cha Kosele na Ndugu Yake wa Uskoti

Mpenzi msomaji, ukishuka Kosele, si mbali na mji wa Oyugis katika Homa Bay, tembea kwanza vijijini. Utapita mashamba ya mahindi na viazi vitamu, na pengine utakuta wimbi limeanikwa juani. Litazame vizuri. Likiwa limechipua, hicho ni kimea, na pombe haiko mbali.

Waskoti nao huloweka shayiri, wakaiacha ichipue, wakaikausha, wakaisaga na kuichachusha, kisha wakaichemsha katika mitungi ya shaba ili mvuke wake uwe wiski. Iliyopikwa kwa kimea cha shayiri tupu katika kiwanda kimoja huitwa single malt, na chupa yake ni ghali kweli kweli.

Ukiinusa wiski ya kisiwa cha Islay, mara nyingi utakuta moshi, kwa kuwa shayiri yake hukaushwa kwa moto wa udongo mkavu wa vinamasi. Chang'aa nayo ina moshi, ila ni wa kuni, na chini yake harufu ya kangara iliyochacha. Rangi yake ni ya maji ya kisima. Ulimini huchoma papo hapo, ikashuka kifuani kama kaa la moto. Wiski haina haraka. Sheria inaitaka ilale katika pipa la mwaloni kwa miaka 3 au zaidi, na humo ndimo hupata ulaini na rangi ya asali.

Usidhani, hata hivyo, kwamba Waskoti walizaliwa na leseni mkononi. Walipika kwa magendo mabondeni miaka mingi, hadi sheria ya 1823 ilipopunguza gharama za leseni. George Smith wa Glenlivet alipochukua yake mwaka 1824, majirani walimtishia maisha, akawa anatembea na bastola.

Hapa Kenya chang'aa ilipigwa marufuku mwaka 1980. Sheria ya 2010 iliiruhusu, lakini kwa masharti ya leseni, chupa na vipimo. Mama wa kijijini anayetafuta karo ya watoto atayatimiza vipi kwa pipa moja na sufuria? Basi hupika kwa kujificha, na penye kujificha hapana mkaguzi. Mnamo Novemba 2000, katika mtaa wa Mukuru kwa Njenga, Nairobi, zaidi ya watu 100 walikufa na wengine wakapofuka kwa pombe iliyotiwa methanoli. Sumu hiyo huwezi kuitambua kwa pua wala kwa ulimi, hata uwe mnywaji hodari namna gani.

Kwa hiyo, msomaji, ukikaribishwa kikombe usichojua kimetoka wapi, shukuru kwa adabu, kisha uombe uji wa wimbi. Nao ni mtamu, na kesho utaamka ukiwa unaona.