Tulisoma Habari za Watoto, Wetu Wakitungoja Nyumbani

Tulikuwa akina mama wanne, wote walimu wa shule za msingi katika Bonde la Ufa, wote tumeolewa, na jumla ya watoto wetu ilikuwa kumi na mmoja. Mwaka 2011 tulijiunga na chuo kikuu kusomea shahada ya ualimu. Tulisoma wakati wa likizo za Aprili, Agosti na Desemba, kwa maana muhula ukifunguliwa tulikuwa kazini. Somo letu kuu lilikuwa Kiswahili. Pamoja nalo tulitakiwa kuchukua somo dogo, nasi tukachagua Makuzi ya Binadamu, yaani elimu ya jinsi mtu anavyokua tangu tumboni mwa mama hadi uzeeni.

Kusema kweli, tulilichagua tukidhani ni rahisi. Tulicheka bwenini tukisema, "Sisi tumezaa, tumenyonyesha, tumelea. Mhadhiri atatuambia nini?" Mume wa mmoja wetu naye alituuliza kwa nini tulipe karo ili tufundishwe mambo ambayo mama zetu waliyajua bure.

Tulipoanza, tuligundua kuwa mama zetu waliyajua mengi kweli. Katika miaka ya 1970 mtaalamu kutoka Marekani, Charles Super, aliishi Kokwet, kijiji cha Wakipsigis. Aliona kuwa watoto wa pale walikaa na kutembea mapema kuliko watoto wa Marekani. Wengine walidhani mtoto wa Kiafrika huzaliwa hivyo tu. Super aliona sababu nyingine: watoto walifundishwa. Walichimbiwa kishimo kidogo, kikatandikwa nguo, wakakalishwa humo wasianguke. Walishikwa makwapani wakatembezwa. Lakini kutambaa, ambako hakuna aliyewafundisha, hawakukuwahi. Mmoja wetu alipiga makofi darasani. "Mama mkwe alimkalisha kifungua mimba wangu hivyo hivyo, nami nikamwona mshamba!"

Somo lililofuata lilitunyamazisha. Mwaka 1954 mwanamke aitwaye Mary Ainsworth alifika Uganda. Aliwatembelea akina mama 26 katika vijiji vilivyo karibu na Kampala, akawatazama wao na watoto wao wachanga mwezi baada ya mwezi. Aliona kuwa mtoto anayemtumaini mama yake huthubutu kwenda mbali kidogo kucheza, kisha humrudia, halafu huenda tena. Mama ndiye kituo chake.

Mhadhiri alipouliza kama kuna swali, hakuna aliyeinua mkono. Ilikuwa Agosti. Watoto wetu walikuwa likizoni, nasi tulikuwa mbali nao, tukiandika madaftarini jinsi mtoto anavyomhitaji mama.

Kabla ya kufunga chuo tulipewa kazi ya kwenda nayo nyumbani. Mtazame mtoto mmoja kwa saa nzima. Andika unachokiona tu. Usiandike "mtundu" wala "mvivu"; andika alichofanya. Kazi hii ina asili yake: Jean Piaget, mtaalamu wa Uswisi, alijifunza mengi kwa kuwatazama na kuandika habari za watoto wake mwenyewe watatu.

Mwenzetu mmoja, mama wa watoto watatu, aliketi mlangoni pa jikoni akamtazama kitinda mimba wake wa miaka mitatu. Ameturuhusu tusimulie. Mtoto alianguka, akalia. Mama akangoja aje kwake. Mtoto akampita, akaenda kwa dada yake wa miaka 9. Dada alimpangusa magoti, akamfunga mgongoni, akaendelea kuosha vyombo. Alipotaka uji, dada ndiye aliyejua kikombe chake. Saa ilipokwisha, daftari lilionyesha kuwa mtoto alimwendea dada mara sita. Kwa mama hakuja hata mara moja.

Kisha mwenzetu akaona jambo jingine. Katika saa ile yote, msichana hakuketi. Daftari lake la hesabu lilikuwa wazi juu ya kigoda, hesabu moja imefanywa nusu. Muhula uliopita alikuwa ameanguka kutoka nafasi ya tano hadi ya ishirini na tisa, na mama alimwita mvivu mbele ya wageni.

Tuliporudi chuoni alitusomea daftari hilo usiku, akasema anaacha masomo. Tuliketi naye hadi usiku wa manane. Tulikumbushana tulivyofundishwa, kwamba watoto kulelewa na ndugu zao si ajabu wala si dhambi. Jamii nyingi duniani hulea hivyo. Tukakumbuka pia fundisho la Erik Erikson, kwamba mtoto wa umri wa shule ya msingi anatafuta kujua kama anaweza kazi. Akisifiwa kwa haki, hujipa moyo. Akiitwa mvivu, hujiona duni. Msichana yule alikuwa hodari kuliko wengi wa umri wake, ila hakuna aliyekuwa amemwambia.

Mwenzetu hakuacha masomo. Alizungumza na mumewe, naye akakubali kumwogesha mtoto na kumpa uji jioni. Mama mkwe alikuja kukaa nao kila likizo. Msichana alipewa saa yake ya kusoma, asiitwe na mtu. Mama akamwambia, "Mama, nisamehe. Nilikuita mvivu, kumbe sikuwa nimeona." Msichana akanyamaza kidogo, kisha akajibu, "Sawa. Lakini kwa uji wake usitie sukari nyingi."

Yule mdogo sasa ni mrefu kuliko mama yake. Akipata shida humpigia simu dada yake kwanza. Mwenzetu husema haimuumi tena. Halafu husema haimuumi sana.

Akina mama wenzetu, si lazima uende chuo kikuu. Chagua saa moja juma hili. Weka kazi kando, keti, mtazame mtoto wako bila kumwamuru wala kumkemea. Andika unachokiona, si unachokidhani. Kisha mtazame na yule mwingine, yule asiyelia, ambaye kila mara yuko karibu na kazi. Huenda yeye ndiye aliyekungoja kwa muda mrefu zaidi.