Dwarka, Jambur na Swali la "Kwenu Wapi?"

Kupanga safari ya mji mtakatifu wa dini isiyo yako ni kazi mbili. Ya kwanza ni ya kalamu na daftari: viza, nauli, vyumba, cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Ya pili ni kujibu swali ambalo hakuna fomu inayouliza: hivi unaenda kufanya nini huko? Ninapanga safari ya Dwarka, magharibi kabisa mwa jimbo la Gujarat, India, na kazi ya kwanza imenivuta hadi kwenye ya pili.

Dwarka ni mji wa Krishna. Wahindu wanauhesabu kati ya vituo 4 vikuu vya hija, kila kimoja upande wake wa nchi: Badrinath kaskazini, Puri mashariki, Rameswaram kusini, na Dwarka magharibi, ufukweni. Hekalu lake kuu, Dwarkadhish, lina ghorofa 5, na limesimama karibu na pale mto Gomti unapoingia baharini. Mlango mmoja unateremka kwa ngazi ya vidato 56 hadi mtoni. Juu ya mnara hupepea bendera kubwa inayobadilishwa mara kadhaa kila siku, na kwa waumini kuiona tu ni baraka.

Mwalimu wangu katika haya ni mama mmoja wa Kigujarati mwenye duka la vitambaa Biashara Street, Mombasa. Nilipomuuliza mchana niende hekaluni saa ngapi, alicheka.

"Mchana? Mchana Bwana amelala, mwanangu."

Hakuwa anatania. Krishna pale huhudumiwa kama mfalme aliye hai: huamshwa, huvishwa, hupewa chakula, kisha hupumzika. Milango hufungwa mchana na kufunguliwa tena jioni. Simu na kamera hubaki nje. Basi ratiba ikajipanga yenyewe: alfajiri na jioni hekaluni, katikati kisiwa cha Bet Dwarka. Zamani mtu alivuka kwa boti kutoka Okha. Tangu Februari 2024 kuna daraja, Sudarshan Setu, lenye urefu wa zaidi ya kilomita 2.

Nikamuuliza mama kama yeye amewahi kwenda. Hajawahi, na sasa magoti hayamruhusu. Halafu akaongeza, bila mimi kuuliza: "Watu wananiuliza kila siku, mama, kwenu wapi? Kwetu Makadara! Nimezaliwa hapa, mama yangu kazaliwa hapa." Nilicheka naye, lakini maneno yale sikuyaacha dukani. Sisi tuliokua na methali ya "Baniani mbaya, kiatu chake dawa" tunajua swali lile linavyoulizwa, na kwa sauti gani.

Kutoka Dwarka barabara inashuka kusini kufuata pwani. Kituo cha kwanza ni Porbandar, na ndani ya jina hilo msomaji wa Kiswahili anaisikia bandari yake mwenyewe. Gandhi alizaliwa hapo mwaka 1869. Jumba la kumbukumbu lililo kando ya nyumba aliyozaliwa, Kirti Mandir, lilijengwa na Nanji Kalidas Mehta, tajiri yule yule wa sukari ya Lugazi, Uganda. Mbele zaidi ni Somnath, hekalu lililobomolewa na jeshi la Mahmud wa Ghazni karne ya 11 na kujengwa upya baada ya uhuru wa India. Mwaka 2015 wasimamizi wake walitangaza kwamba asiye Mhindu aombe ruhusa kabla ya kuingia. Mimi ni Mwislamu, nitaomba. Nikikataliwa, bahari iko pale pale, nitakaa niitazame.

Kilichonikwamisha kiko mwendo mfupi tu kutoka Somnath. Upande wa bara kuna msitu wa Gir, makao ya mwisho ya simba wa Asia wanaoishi porini, na karibu na msitu huo kuna kijiji cha Jambur. Wakazi wake wengi ni Wasidi, watu ambao mababu zao walitoka Afrika kwa karne nyingi: wengine watumwa, wengine askari, wengine mabaharia. Leo ni Wahindi, wengi wao Waislamu, na lugha yao ni Kigujarati. Ngoma yao huitwa goma. Hebu litamke neno hilo taratibu.

Wakala mmoja alinitumia mpango wake: simba alfajiri, "ngoma ya Waafrika" jioni hotelini, chakula cha usiku ndani ya bei. Nimekulia Pwani, najua jioni hizo. Vijana wanapigiwa simu, wanavaa, wanacheza nusu saa kando ya bwawa la kuogelea ngoma ambayo kwao huchezwa kwa sababu, na usiku kucha. Lakini pia najua bahasha ile ndiyo ada ya shule ya mtu. Sina haki ya kuidharau riziki yao.

Kwa hiyo sikugoma, nimebadilisha mpango tu. Nitakwenda Januari: siku 2 Dwarka, 1 Porbandar, 1 Somnath, na 2 karibu na Jambur. Nitafika kijijini mchana, na mwenyeji wa kunitafsiria, bila kuagiza ngoma. Nikialikwa kwenye goma, nitakaa na nitatunza kama tunavyotunza kwetu.

Maana kilichokuwa kinanivuta, nikisema ukweli, ni hamu ya kuwatazama usoni na kuwaambia "nyinyi ni wetu." Hamu hiyo ni tamu, lakini ni ile ile "kwenu wapi?" iliyovaa kanzu. Mtu aliyezaliwa Jambur kwao ni Jambur, kama mama wa Biashara Street alivyo wa Makadara. Hawajapotea, hawanisubiri niwarudishe.

Swali hilo nimelifuta kwenye daftari. Yaliyobaki ni ya kawaida: mvua zilikuwaje, watoto wanasoma wapi, na embe za kesar, zinazosifika sana upande ule, mwaka huu zitazaa? Na mama ameniagiza jambo moja tu: nikifika Dwarka, niitazame bendera kwa niaba yake, kabla sijatafuta hoteli.