Kibondo Hadi Kasulu: Sailensa Ikipanda, Sikilizaneni

Kila mkipata likizo ni Bagamoyo au Zanzibar? Hakuna ubaya, bahari ni tamu. Lakini kama wewe na mwenzi wako mna pikapu ya zamani, siku tano za kuiba kazini na moyo wa kuona Tanzania ambayo haimo kwenye kalenda za hoteli, elekezeni pua ya gari magharibi, kwenye milima ya Buha. Ila kabla hamjaondoka, jifunzeni kitu kimoja: kuisikiliza injini. Mtaona kwa nini.

Nchi ya Waha

Ukitokea Mwanza au Kahama, unaacha barabara ya Rwanda pale Nyakanazi na kukata kushoto. Kuanzia hapo ni vilima, migomba, mihogo, maharage na ardhi nyekundu inayoshika kwenye viatu kama rangi. Kibondo ni mji wa juu, wenye asubuhi za baridi mwezi Juni na Julai. Usiondoke bila asali. Wafugaji nyuki wa huku wanaijua kazi yao. Kusini zaidi ni Kasulu, mji mkubwa na wenye pilikapilika. Jirani yake ipo Heru Juu, makao ya watawala wa Heru. Dada zangu, mjue kwamba katika miaka ya 1950 kiti hicho cha Mwami kilikaliwa na mwanamke, Mwami Theresa Ntare.

Watu wa huku hawana haraka ya salamu. Ukisema "Mwakeye!" asubuhi, umeshapata rafiki. Usipite mtu mzima kama unapita nguzo ya umeme.

Kuna pia upande mwingine wa nchi hii. Mwaka 1996 ilifunguliwa kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, kwa ajili ya wakimbizi kutoka Kongo. Mwaka 2015 vurugu za Burundi zilileta wimbi jipya, na kambi ya Nduta, Kibondo, ikafunguliwa tena. Ndiyo maana kwa miaka mingi barabarani ulikuwa unapishana na magari meupe ya mashirika kuliko ya watalii.

Barabara yenyewe

Mimi na mume wangu tulipita Julai 2016, tukitoka kujitambulisha ukweni Kibondo. Gari letu lilikuwa Toyota Hilux ya zamani, injini ya petroli ya 22R, yenye kabureta. Lami ilikuwa haijafika. Ilikuwa vumbi na matuta madogo madogo yaliyopangana kama bati, yanayotikisa gari mpaka meno yanagongana.

Siku hizi mambo ni tofauti. Mwaka 2018 Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha fedha za mradi wa lami kutoka Kabingo, kupitia Kibondo na Kasulu, hadi Manyovu mpakani na Burundi, kama kilomita 260. Safari imekuwa nyepesi. Lakini milima haijahama, na gari la zamani ni la zamani tu.

"Mbona inavuma hivyo?"

Kibondo, kabla ya kuondoka, gari lilianza vituko. Limesimama, gia haijaingizwa, mguu hauko kwenye mafuta, lakini injini inanguruma kama inapanda mlima. Mafundi wetu wanaita sailensa kuwa juu. Kwa injini kama ile, ikishapata moto mzunguko unatakiwa kuwa karibu 750 kwa dakika. Yetu ilikuwa inapiga kama mara mbili ya hapo.

Fundi wa kwanza alichukua bisibisi, akazungusha skrubu ya sailensa kwenye kabureta, injini ikatulia. Dakika tatu, kazi imekwisha. Mume wangu akafurahi. Mimi nikauliza, "Sasa skrubu ilijizungusha yenyewe usiku?" Hakuna aliyenijibu.

Tulivuka Mvugwe vizuri. Tulipokaribia Makere sauti ikarudi, na safari hii kulikuwa na jambo jipya. Kwenye mteremko mume wangu alikanyaga breki, nikaona mguu wake unakaza.

"Breki vipi?"

"Ngumu kidogo. Ni vumbi hilo."

"Vumbi linafanya breki ngumu na injini ipige kelele kwa wakati mmoja?"

"Mama, tufike Kigoma kwanza. Tutaangalia huko."

Wapenzi wasomaji, hapa ndipo ndoa inapopimwa. Ilikuwa saa kumi na moja jioni. Mbele yetu kulikuwa na mteremko mrefu: Kasulu iko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, Ziwa Tanganyika liko kama mita 770. Zaidi ya hapo, barabara hizi kwa miaka mingi zilijulikana kwa utekaji wa magari, na mabasi yalikuwa yakisindikizwa na polisi wenye silaha. Kuharibikiwa gizani si jambo la kuchezea. Nikamwambia, bila kupandisha sauti, kwamba mimi naishia Kasulu. Akiendelea, aniachie begi langu. Alikaa kimya kilomita nzima. Tulipofika Kasulu, akawasha indiketa, akaegesha.

Fundi anayesikiliza

Asubuhi tulielekezwa gereji chini ya mwembe, kwa mzee mmoja mwenye ovaroli iliyokuwa ya bluu zamani.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba binti yangu. Kijana, washa."

Hakushika kifaa chochote. Kwanza aliacha injini ipate moto, kwa sababu ikiwa ya baridi kupanda sailensa ni kawaida: choki inafanya kazi yake. Mshale wa joto ulipofika katikati na sauti haijashuka, ndipo alipoinama.

Akarudisha kwa mkono mkono wa resi pale kwenye kabureta. Kama sauti ingeshuka, tatizo lingekuwa waya wa resi uliokaza, au springi na vumbi. Haikushuka. Akauliza kama maji ya rejeta hayapungui, akaangalia kwenye chupa ya akiba. Yapo. Hilo ni muhimu: kwenye magari mengi choki ya otomatiki, au vali ya hewa kwenye injini za sindano, hupashwa na maji ya injini. Maji yakipungua, injini inadhani bado ni asubuhi ya baridi, na sailensa haishuki.

Kisha akainamisha sikio. "Mnasikia? Inafyonza." Kulikuwa na sauti nyembamba ya ssss. Akachukua koleo na kitambaa, akabana taratibu mpira mnene unaotoka kwenye manifodi kwenda kwenye buta ya breki. Injini ikashuka ghafla, ikatetemeka, ikataka kuzima.

"Gari lenu linapumulia pabaya," akasema. "Mpira umepasuka chini, hamuuoni. Hewa inaingia humo, injini inapanda. Na breki inakosa nguvu ya kuisaidia, ndiyo maana ngumu. Aliyezungusha skrubu amefunga mlango, dirisha likabaki wazi. Sasa nikiziba dirisha, gari halina pa kupumulia."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Alibadilisha mpira, akakaza nati za kabureta zilizolegezwa na matuta, kisha akairudisha skrubu mahali pake. Sailensa ikatulia kama paka aliyeshiba. Mpira ule ulitugharimu pungufu ya chakula cha mchana cha watu wawili. Mume wangu aliushika mpira wa zamani, akaukunja, ufa ukafunguka kama mdomo. Akanitazama. "Ungeniacha niendelee, eh?" Halafu akaomba tununue migebuka kabla haijaisha sokoni.

Kabla hamjaondoka nyumbani

1. Acheni injini ipate moto kwanza. Sailensa ya asubuhi isiwatishe. Ya saa sita mchana ndiyo ya kuuliza.

2. Angalieni zulia la miguuni lisikandamize pedeli ya mafuta, na waya wa resi uwe na ulegevu kidogo.

3. Pimeni maji ya rejeta injini ikiwa imepoa. Kamwe msifungue mfuniko wa moto.

4. Tafuteni mipira iliyokauka au kupasuka. Kutafuta panapovuja hewa, nyunyizeni maji kidogo na msikilize kama sauti inabadilika. Msimruhusu mtu kunyunyiza petroli kwenye injini inayowaka. Ni moto huo.

5. Jaribuni breki: gari likiwa limezimwa, kanyaga mara kadhaa mpaka pedeli iwe ngumu, mguu ubaki hapo, kisha washa. Pedeli ikishuka kidogo, buta inafanya kazi. Isiposhuka, msisafiri.

6. Fundi akikimbilia skrubu ya sailensa kabla ya kuuliza chochote, muulizeni kwa adabu: "Imepanda kwa nini?" Akishindwa kujibu, tafuteni mwingine.

7. Kubalianeni mapema: mmoja wenu akisema "hapa tusimame", gari linasimama. Mabishano yanaweza kuendelea hotelini.

Wakati mzuri wa kwenda ni Juni hadi Septemba, mvua zikiwa zimekata. Bebeni sweta, plagi za akiba, mipira miwili mitatu na pesa taslimu. Na mkifika Kasulu mapema, msikimbilie ziwani. Lala huko usiku mmoja, kuleni ugali wa muhogo na maharage, asubuhi mpande Heru Juu kwa miguu. Pikapu nayo ipumzike.